Kitambaa cha Kuchujia Maji

Mjukuu wangu Zaituni,

Salamu zikufikie huko Mbale. Sisi hapa Jinja wazima, ila babu yako bado anakohoa.

Umeuliza kwa nini kitambaa cha kuchujia maji nakirudisha kukisuuza bwawani.

Nilipokuwa na mimba ya mama yako, mtafiti mmoja alikuja kupiga picha viumbe vya bwawa kwa hadubini. Nikampa maji yangu ya udhu, yamechujwa safi. Akayakataa, akataka kitambaa, maana viumbe vilikuwa vimenaswa humo. Kabla hajapiga picha akaniita nichungulie kwenye hadubini. Mdudu mwangavu kama kioo, moyo unadunda, mgongoni amebeba watoto.

Nikaondoa jicho haraka. Kila asubuhi nilikuwa nawakung'utia wadudu kama huyo uani, wafe juani.

“Mama, kuna nini?” mtafiti akauliza.

Nikashika tumbo. Nikaomba kitambaa changu, nikarudi nacho bwawani kukisuuza.

Bibi yako,
Mastula