Hoja ya Paa kwa Sauti ya Betri

Jumatatu, 20 Januari

Kwako Shajara, salamu za heshima. Mimi, Thaddeus Plouffe, mkazi wa mji huu mdogo jimboni Vermont, Marekani, nakufungua kwa madhumuni ya kuhifadhi maneno yangu, kwa kuwa sina tena pa kuyapitishia. Madaktari wameondoa zoloto langu pamoja na saratani yake. Napumua kwa tundu la shingoni. Uhai upo, sauti haipo.

Nayo hoja yangu ya paa la maktaba haikuchapwa kwenye ajenda, maana nilikuwa hospitalini. Kwa kanuni zetu, hoja isiyochapwa hutolewa kwa sauti ya mwenyewe katika Mkutano wa Mji, mwezi Machi. Kwa sauti! Na ndoo za kukinga maji zimepangwa hadi kwenye rafu ya kamusi. Humo ndimo nilimojifunzia lugha yote niliyo nayo, baada ya kuacha shule ili nikamue ng'ombe.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepewa chombo. Kinafanana na tochi: hubanwa chini ya taya, kikatetema, nami nikaunda maneno kwa ulimi na midomo. Sauti ni ya nyuki aliyefungiwa chupani. Maneno ya kwanza kwa mke wangu Winnifred: nilimshukuru kwa uvumilivu wake usio na kifani. Akauliza kama nataka supu.

Jumatatu, 17 Februari

Bi. Thibault, mwalimu wangu wa matamshi, ameonya kwamba chombo hakijui kunyamaza katikati ya neno, hivyo P hutoka B, na T hutoka D. Dawa yake ni sentensi fupi, maneno ya kila siku.

"Sema tu maktaba inavuja, Mzee Plouffe."

Inavuja! Kana kwamba tunazungumzia debe la maziwa. Nilimwandikia kwamba katika hoja rasmi husemwa "hazina yetu ya maarifa". Winnifred aliinama akatafuta kitu mkobani. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Jumanne, 4 Machi — mapumziko ya chakula

Naandika upesi, sahani ya maharage magotini.

Merle Quimby, msimamizi wa mkutano, ambaye kila Machi mimi humkatiza nikimkumbusha utaratibu, aliniruhusu kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu. Nikasimama. Niliomba, kwa taadhima, tuidhinishe paa jipya penye hazina yetu ya maarifa, kwa faida ya wakazi wote bila kujali umri.

Kisha Leland Cobb, dereva wa gari la kuzoa theluji, akasema kutoka nyuma kwamba miaka yote husinzia nikiongea, kumbe mzee nina la maana. Mwingine akauliza kama kutakuwa na meza ya kuchezea pool. Gharama, ambayo imeniulia paa mara zisizohesabika, haikuulizwa na mtu. "Ndiyo" yao ilitikisa madirisha.

Baa. Nimepitishiwa baa!

Nikasimama kusahihisha. Quimby akasema kanuni inataka sauti ya mwenyewe; kinachonguruma shingoni mwangu ni betri; nikae. Winnifred akanivuta koti.

"Mzee wangu, leo tu. Sema kifupi."

Nikabana chombo.

"Kama hii si sauti, hoja haikutolewa, na baa hakuna. Kama ni sauti, nisikilizwe. Maktaba inavuja."

Hilo walilielewa wote. Niliona kwenye nyuso zao. Quimby akatangaza chakula kabla ya wakati.

Sasa yuko kule, kitabu cha kanuni wazi kando ya nyama yake, hatafuni. Leland ameniletea kipande kikubwa cha pai ya tufaha, akaniomba nisiwe mkorofi, maana jamaa wameshaanza kubishana juu ya jina la baa. Pai nimeila. Ahadi sikutoa.

Kengele. Quimby anafuta midomo, ananitazama. Nimesimama peke yangu, chombo tayari chini ya taya, na maneno ni haya tu:

Bwana Msimamizi, naomba uamuzi.