Marufuku Kuwasha Jiko

Jumatatu, 7 Oktoba
Miaka kumi na tisa nimepika hoteli hii, leo kazi yangu kufungua maboksi! Tangu serikali iwaweke waomba hifadhi humu, chakula kinaletwa kwa lori kutoka kiwandani huko Midlands, katikati ya Uingereza. Jiko letu limefungwa. Meneja, Bwana Pargeter, kasema tena asubuhi: atakayeliwasha, kazi hana. Wali umeganda kama kipande cha sabuni. Mbwa wa jirani asingeugusa, na yule anakula soksi.

Jumanne, 8 Oktoba
Mwanamke wa chumba 14, Mueritrea, jina lake Saba, ana mimba ya miezi saba. Katapika boksi la leo pia. Mkunga anasema mtoto hakui, mama ale chakula cha maana. Nikamwambia Pargeter. Eti Saba ajaze fomu. Fomu! Mjinga mwenye tai.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimewasha. Ufunguo wa akiba ninao tangu enzi hoteli ikipokea harusi. Dengu, vitunguu, mkate. Saba kala sahani mbili, kisha kanikosoa: vitunguu nakata vikubwa mno. Mimi! (Vilikuwa vikubwa.)

Alhamisi, 10 Oktoba
Kala tena. Hajatapika.

Ijumaa, 11 Oktoba
Dada yangu Lorna kaja kwangu kunywa chai. Kesho anaongoza maandamano mbele ya hoteli. Bango lake: TURUDISHIENI HOTELI YETU. Hoteli yao! Mara ya mwisho alikanyaga humu siku tuliyomzika mama, waombolezaji walipoandaliwa chakula hapa, akalalamikia sandwichi za tango. Anadai wageni wanakula kifalme na mimi nawafichia. Nikamwambia wanakula maboksi, dada. Akasema akikuta wanapikiwa, atapiga picha nchi nzima ione. Nilimeza chai ikaniunguza koo. Kazi yangu hiyo, na chakula cha Saba.

Jumamosi, 12 Oktoba
Mvua. Watu arobaini na bendera zao zimelowa. Mlinzi kawahurumia, wakaruhusiwa choo cha nyuma. Basi wakapanga foleni! “Tangulia wewe.” “Hapana, wewe kwanza.” Wamekuja kuwafukuza wageni, hao! Na foleni inapita mlangoni pangu, mimi nakaanga vitunguu.

Mlango ukafunguliwa. Lorna, chapachapa, simu mkononi. Kaona sufuria. Kamwona Saba na sahani yake.

“Kumbe ni kweli,” akasema.

Saba, hajui hili wala lile, akamvutia kiti. “Karibu, mama, ule.”

Na Lorna akaketi! Tulilelewa hivyo, mtu akikukaribisha mezani hukatai. Katazama lile tumbo. Kauliza miezi mingapi. Kala vijiko vitatu, akasema chumvi haitoshi.

Hapo Pargeter akaingia. Kanitoa jikoni. Kamwambia Lorna abaki, yeye ndiye shahidi, na picha apige.

Naandika stoo, juu ya boksi la wali. Kupitia ukuta wa jiko nasikia dada yangu anafoka. Sijui anamfokea Saba au Pargeter.