Sahihi ya Pembeni

Jumatano, Njombe

Kumbe alikuwa anajiandalia mahali pa kukata.

Zaituni ndiye aliyenishauri nilipofungua studio: "Dada, usiandike jina katikati ya picha, unaichafua. Weka sahihi ndogo pembeni, kama wachoraji." Nikamsikiliza. Yeye ana studio Makambako, kaanza kazi kabla yangu, na tumekula sahani moja.

Leo nimeshuka Makambako kununua karatasi za picha. Juu ya mlango wake kuna bango jipya, na kwenye bango yumo mama yangu, kainama anapalilia viazi kule Iwawa, ukungu nyuma yake: picha niliyopiga mimi, nikamtumia Zaituni aione. Pembe yenye sahihi yangu imekatwa. Jina la Zaituni limepita katikati, kubwa, juu ya mikono ya mama. Hapo hakuona kwamba linachafua!

Nilipomuuliza akacheka. "Aah, dada, si picha tu?"

Picha tu.

Nimerudi, nimejaribu kuweka jina langu katikati kwa rangi hafifu. Kila nikiliweka linampita mama usoni. Nalifuta. Naliweka tena. Sijui.

Halafu mama kapiga simu. Jirani kamwonyesha bango kwenye simu yake. Siku ile nilimpiga picha bila yeye kujua, na nilikuwa nangoja fremu ndipo nimpelekee.

"Mwanangu, nimependeza! Mshukuru sana Zaituni. Hivi wewe mbona hujawahi kunipiga picha nzuri namna hii?"

Nikamwambia shukrani zake nitazifikisha.