Mume Wangu Anataka Kubebeshwa Kifaa Kichwani

Shikamoo mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana nimechoka, mtoto hajaacha ziwa na baba yake naye amekuwa mtoto wa pili. Mume wangu Swalehe ni fundi wa kubebesha miche ya mikorosho hapa Chilangala, anapasua mche, anapachika kijiti cha mkorosho bora, anafunga nailoni, kinashika. Sasa Newala mjini amekuja mtu wa koti jeupe na spika, anajiita Daktari Dickson, anasema anaweka kifaa kwenye ubongo, ukiwaza tu simu inapiga, na hutasahau kitu tena, na Swalehe ameamini, eti ni kazi ileile, "Mama Furaha, ni kupasua kidogo, kupachika na kufunga, hiyo naijua." Nikamwambia kichwa si mche, akanijibu, "Wewe umewahi kubebesha nini?" Kwetu mjomba ndiye msemaji wa mwisho, nikamwendea mjomba wake, Mzee Muharami, nikijua atakataa, akacheka, "Mwache, mkwe, labda kitashika na matangazo ya mpira, tutakuja kutazama usoni kwake." Anapasuliwa Ijumaa, chumba cha nyuma ya duka la salfa, ile dawa ya mikorosho. Nampenda huyu mwanamume, sitaki kumzika kwa upuuzi. Nifanyeje?

Mama Furaha, Chilangala

Marahaba, Mama Furaha, na pole. Ila nawe umepeleka habari ya ubongo kwa mtu anayewaza mpira, ulitegemea nini?

Upasuaji huo upo kweli, lakini ni wa wagonjwa, kama wale wanaotetemeka mwili hadi dawa zinashindwa, na hufanywa na mabingwa kwenye hospitali kubwa. Hata huko damu huweza kuvuja ndani ya ubongo, vijidudu vikaingia, mtu akapata kifafa au akapooza, waya ukahama na kichwa kikafunguliwa upya. Swalehe anaumwa nini? Anaumwa sifa, na hizo hazitibiwi kwa waya.

Muulize, miche iliyokataa kushika huwa anaifanyaje. Atasema anatupa, anachukua mwingine. Hapo mwache ayasikie maneno yake mwenyewe.

Kisha usingoje Ijumaa. Leo hii mbebe mtoto, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya, halafu polisi, uwaonyeshe hilo duka. Mzee Muharami mwambie kwa heshima kwamba mkubwa hutangulia, apasuliwe yeye kwanza. Ataifuta ruhusa yake kabla hujakaa.

Swalehe atanuna, pengine hadi msimu wa korosho uishe. Mpelekee chakula chake, umwache anune akiwa mzima.