Siku Zisizohesabiwa

Nyumbani kwa Mama Rozalia,
Mwandiga, Kigoma.
22 Machi 2026

Mpendwa mwanangu Evaline,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kabla sijafungua mdomo. U hali gani huko? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa theluji kimepona? Unakula? Nauliza kwa sababu kwenye picha ya mwisho shingo yako imekuwa nyembamba kama ya marehemu kaka yangu, baba yako, mwaka ule alipouguza mguu. Mimi ni mzima. Bega la kulia bado linauma, lakini kuli asiyeumwa bega huyo ni msimamizi.

Tangu Jumapili iliyopita nakutumia ujumbe na tiki imebaki moja. Nimepiga, haiiti. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu. Mwalimu Noel, mpangaji mwenzangu, ataipiga picha barua hii akutumie kwenye baruapepe yako ya chuo. Isome yote kabla hujaigusa tena ile fomu ya kodi.

Neno lenyewe ni hili. Nilikuambia ubonyeze. Nilikosea. Usibonyeze.

Unakumbuka ulivyonieleza. Mshahara wako wa maktaba unakatwa kodi, na kabla ya tarehe kumi na tano Aprili lazima upeleke hesabu ya mwaka jana kwa serikali yao. Hamdani, huyo mnayesoma naye, akakuonyesha programu wanayotumia wenyeji wa huko. Ikakuuliza kama mwaka jana ulikuwepo nchini kwao zaidi ya nusu mwaka. Ukajibu ndiyo, maana hukutoka hata siku moja. Basi ikakuweka kuwa mkazi, ikasema kuna nafuu ya kodi kwa wanaosoma, na kwamba utarudishiwa dola elfu moja.

Ukanipigia una wasiwasi, ukasema chuo kiliwahi kuwatahadharisha wanafunzi wageni juu ya nafuu hiyo. Lakini ulikuwa umeshaniahidi kuwa fedha hiyo itaninunulia mashine kuukuu ya kukoboa mahindi, nirudi kwetu Usangi na kitu mkononi. Mimi nikasikia mashine tu. Nikakupigia kelele, "Umekaa huko karibu miaka minne, wanataka mkazi wa namna gani tena? Bonyeza!"

Sasa sikia kilichonipata Jumamosi ya tarehe kumi na nne.

Kijiji ninachopanga kinagawa viwanja kwa bei ndogo kwa wakazi wake. Sharti uwe umeishi hapa miaka mitano. Mimi niko Kigoma mwaka wa kumi na moja, lakini miaka minane nililala Kibirizi, karibu na boti za Kongo ninazozipakia saruji. Huku juu nina miaka mitatu tu tangu nihamie. Fomu iliuliza umeishi kijijini miaka mingapi. Nikaandika kumi na moja. Sikuona kuwa ni uongo, mwanangu. Mkoa ni ule ule, ziwa ni lile lile, na mgongo wangu umeishia huku. Asubuhi watu wananisalimu "mwakeye" na mimi naitika kama wao.

Kwenye mkutano wa uhakiki hawakutaka kitambulisho. Hapa mkazi anajulikana kwa misiba. Unaitwa, unasimama, na mwenyekiti, Mzee Feliksi, anakuuliza mlizika nani na ulichimba kaburi na nani.

"Nikodemu," akasema, "miaka sita iliyopita, wiki ile mvua ilipobeba daraja, tulizika watu wawili siku moja. Akina nani?"

Nikavua kofia, nikaivaa tena.

"Hata mmoja humkumbuki?"

"Mzee, siku hiyo nilikuwa kazini."

Mama mmoja akadakia kutoka nyuma, "Alikuwa Kibirizi anazika saruji!" Wakacheka. Mwingine akaongeza, "Basi mpeni kiwanja ziwani, samaki watamtolea ushahidi!" Wakacheka mpaka watoto waliokuwa nje wakaja kuchungulia.

Mama Rozalia akanyanyuka kunitetea. "Jamani, huyu ni mtu mwema. Hata maji ananichotea."

"Mama Rozalia," Mzee Feliksi akasema, na hakuwa na hasira hata kidogo, "sijauliza kama ni mwema. Nimeuliza amekuwa hapa tangu lini."

Jina langu likakatwa. Mtendaji wa kijiji akaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba maelezo yangu si ya kweli. Nikamuuliza itakuwaje miaka miwili ijayo, nitakapotimiza mitano ya kweli. Akasema nitaruhusiwa kuomba, ila atakayefungua daftari ataanza kusoma hapo penye wekundu.

Nilirudi chumbani nikakufikiria wewe. Nikamwita Mwalimu Noel, nikampa simu yenye zile kurasa za chuo ulizonitumia ambazo sikuzisoma. Unajua niliishia kidato cha pili, Kiingereza changu kinaishia kwenye maandishi ya mifuko ya saruji. Akazisoma mara mbili, kisha akanieleza polepole.

Mtu mwenye viza ya mwanafunzi kama yako, miaka mitano ya kwanza siku zake hazihesabiwi. Na mwaka unahesabiwa mzima hata kama ulifika mwishoni. Wewe ulifika Agosti 2022, kwa hiyo ile miezi michache ilikwisha kula mwaka mmoja, na mitano yako inaishia Desemba hii. Unalala huko, unakula huko, unafanya kazi huko, lakini kwenye kitabu chao cha kodi ni kama hujakaa hata siku moja. Karatasi yako ni ile ya wageni, pamoja na nyingine ndogo ya kueleza kwa nini siku zako haziingii. Na mgeni hapati ile nafuu ya masomo, labda awe ameolewa na mwenyeji, na wewe bado hujaniletea mkwe.

Programu ile ilitengenezwa kwa ajili ya wenyeji. Ukiijibu kama mwenyeji inakuamini. Siku ulizoziandika ni za kweli, kama miaka yangu kumi na moja ilivyo ya kweli. Ila sizo zilizoulizwa.

Kama bado hujatuma, futa uanze upya na karatasi ya wageni. Kama umeshatuma, usijifiche. Nenda ofisi inayowahudumia wanafunzi wageni pale chuoni, waambie ulikosea, uliza fomu ya kusahihisha. Fedha ikiwa imeingia, usiiguse, irudishwe yote. Usinitumie hata senti. Ukinitumia, sitakwenda kwa wakala kuitoa. Siku moja utaomba ruhusa ya kufanya kazi huko, au viza nyingine, na sitaki mtu afungue jalada lako aanze na wino mwekundu niliokuwekea mimi.

Juma zima sijatulia. Nimeangusha mifuko miwili, mmoja ulipasuka nikakatwa ujira. Natembea mpaka barabarani, narudi, natazama tiki, natoka tena. Mama Rozalia anasema nitamchimbia mfereji mbele ya nyumba.

Na nikuambie kinachonisumbua zaidi. Swali la Mzee Feliksi limenifuata mpaka kwetu. Je, Usangi nako wakinisimamisha? Mwaka mlipomzika baba yako, ndugu yangu wa tumbo moja, nilituma rambirambi kwa simu, nikabaki hapa napakia saruji. Nilijiambia siwezi kurudi mikono mitupu. Wengine ndio waliochimba. Hata majina yao siyajui. Nimekuwa nikingoja mashine miaka yote hii, na kumbe kule nako siku zangu hazihesabiwi.

Basi mashine iache. Juni nitapanda treni na begi langu hili hili. Mama yako nimemwambia jana. Alilia kidogo, kisha akauliza kama bado ninakula makande.

Msalimie Hamdani, wala usimlaumu, alitaka kukusaidia, na umwambie aangalie karatasi yake mwenyewe. Mdogo wako Meshack anasema ufaulu usije ukamtia aibu darasani kwake. Mwalimu Noel na Mama Rozalia wanakusalimu. Mama Rozalia anauliza kama huko kuna dagaa. Nimemwambia nitakuuliza.

Ukijibu, niandikie mambo mawili tu. La kwanza, umebonyeza au hujabonyeza. La pili, kaburi la baba yako liko upande gani wa migomba, wa juu au wa mtoni. Wewe ulikuwepo. Nataka nikifika niende moja kwa moja, nisimwulize mtu.

Mungu akulinde katika ugeni wako, na jina lako likae safi popote linapoandikwa.

Ni mimi, nikupendaye kuliko mashine yoyote,
baba yako mdogo,
Nikodemu