Komeo Uliloling'oa Mlangoni Kwetu

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipojilaza mchana kupumzisha mgongo na usiamke tena. Kwenye kibanda chako cha vitasa sasa mtu mwingine anauza viatu. Jiliwa lako la kubania vyuma tunalo nyumbani, na tupa zako za kukerezea funguo tumezipaka mafuta kama ulivyopenda. Tunakuandikia kwa sababu tumekukumbuka, na pia kwa sababu Mama ametutuma. Anasema kuna jambo ni lazima ulisikie, na anayesoma naye alisikie.

Ulikuwa mtu wa maneno machache na masharti mengi. Salamu kwanza, shida baadaye. Usiondoke kwa mtu ukauacha mlango wake unalia zaidi ya ulivyoukuta. Ukimkatia mtu ufunguo, aione mikono yako, wala usibaki na wa pili hata kwa bahati mbaya. Mtaani walikuita Bwana Komeo, nawe ulilipenda jina hilo ingawa ulijifanya kukasirika. Sharti lako kubwa tulilisikia kila asubuhi tulipokuwa wadogo, chai ikipoa: "Kabla hujafungua lako, hakikisha jirani amefungua lake. Pazia likichelewa, bisha hodi." Tuliitikia "ndiyo, Baba" huku tukitafuta viatu. Tulidhani ni maneno ya wazee tu.

Mama hakuitikia. Unamjua mkeo. Ukimpa zawadi, kwanza anaigeuza atazame nyuma kuna nini.

"Kutoka hapa hadi kibandani ni kunyoosha tu," alikuwa akikuambia. "Wewe unazungukia mtaa wa nyuma. Kuna nini huko?"

"Kuna watu," ulijibu.

"Watu au mtu?"

Ulicheka, ukavaa kofia yako, ukazunguka. Kicheko kile hakikukusaidia kitu.

Mtaa wa nyuma anakaa mshonaji nguo, mjane asiye na mtoto, na cherehani yake ameiweka dirishani. Dirisha hilo linatazamana na jiko letu, ua mmoja tu katikati. Mama akiosha vyombo, akiinua kichwa, mshonaji naye kainua kichwa. "Yule mwanamke ana lake jambo," alituambia. "Mguu uko kwenye cherehani, macho yako jikoni kwangu. Si bure." Nawe ulipopita pale ulimwita dada, kwa sauti ya kusikika hadi kwetu, naye akakujibu kaka. Mama alisema undugu wa kutangazwa hivyo una lililofichwa chini yake.

Kisha ukaanza kuumwa. Siku moja ulichukua bisibisi, ukang'oa komeo la ndani la mlango wetu wa mbele, ukasema limelegea. Mama akangoja ulirudishe. Hukulirudisha. Fundi vitasa mzima, Bwana Komeo mwenyewe, mlango wake hauna komeo! Alipokuuliza ulisema kitasa kinatosha. Kikohozi kilikuwa kimeshakubana, akaona si vizuri kumhoji mgonjwa. Akaliweka moyoni, pale anapoyaweka mengine yote.

Tulipokwenda kukisafisha kibanda baada ya kukuzika, Mama ndiye aliyeuona mkebe wa maziwa ya unga nyuma ya jiliwa. Aliutikisa, ukalia. Ndani mlikuwa na funguo za nyumba za watu, kila mmoja umefungwa uzi wa rangi yake: kijani, njano, buluu, zambarau. Wewe, Baba! Wewe uliyetufundisha kwamba fundi anayebaki na ufunguo wa mtu ni mwizi anayengoja nafasi. Tulitazamana. Kaka mkubwa akausogelea mlango wa kibanda, akaufunga polepole. Siku zile mtaa wa nyuma mtu alikuwa ameibiwa redio, na majirani walikuwa bado wanaulizana mwizi alipitia wapi.

"Tuzitupe," kaka alisema. "Watu wakiziona hizi, jina la Baba limekwisha."

"Hakuna kutupa kitu." Mama aliushika ule uzi wa kijani, akauvuta, akautazama kwenye mwanga. "Huu ni uzi wa cherehani. Fundi vitasa ana uzi wa cherehani wa kazi gani? Mimi nataka kujua nimeishi na nani."

Hilo ndilo lililomsumbua, Baba. Si redio, si maneno ya watu. Msiba mzima hakutoa chozi. Waliokuja kumpa pole walimsifu kwa ujasiri, lakini sisi alituambia ukweli: hawezi kumlilia mtu asiyemjua.

Asubuhi moja alitia mkebe kwenye mkoba, akazungukia mtaa wa nyuma kwa njia yako ileile. Hakupoteza muda kwa milango mingine. Alikwenda moja kwa moja kwa mshonaji, akajaribu funguo moja moja hadi ule wa uzi wa kijani ukaingia. Kitasa kilizunguka bila kelele. Kilikuwa kimetiwa mafuta vizuri, na Mama alijua mafuta hayo ni ya nani.

Mshonaji alikuwa kwenye cherehani, pini zimemjaa mdomoni. Hakushtuka. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi.

"Karibu, wifi," alisema. "Nilikuwa najiuliza utakuja lini."

"Usiniite wifi. Ufunguo wako ulikuwa unafanya nini kwa mume wangu?"

"Nilimpa mwenyewe. Kaa kitako nikueleze."

"Umeshanieleza."

Mama aliuacha ufunguo juu ya kitambaa, akatoka. Alitupigia simu sote, mmoja baada ya mwingine, na kila alivyosimulia pini ziliongezeka. Sisi tukamwambia aachane nayo, marehemu hasemwi. Hapo tukaharibu. Alituambia tumekula njama na baba yetu, akakata simu, na siku zilizofuata akawa hapokei.

Ndiyo maana asubuhi moja simu yake ilipoita bila kupokelewa, tulisema bado amenuna, tukaendelea na shughuli zetu.

Hakuwa amenuna. Alikuwa ameteleza bafuni akavunjika mguu, shavu lake liko kwenye sakafu ya maji. Alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Jikoni pazia lilikuwa bado limefungwa. Akawa amelala hivyo, anatusema kimoyomoyo, ndipo akasikia kitasa cha mlango wa mbele kikizunguka. Polepole, kwa ufunguo. Sisi wenye funguo tulikuwa mbali, na alijua hivyo. Machale yakamcheza. Alimkumbuka mwizi wa redio. Akakaza meno, akanyoosha mkono akashika ndala, akangoja. Mlango ukafunguka moja kwa moja, maana hapakuwa na komeo la kuuzuia.

Aliyeingia ni mshonaji, anahema, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Mkononi ana ufunguo wenye uzi mwekundu.

Na mkeo, Baba, amelala chini mguu umepinda, ndala mkononi, neno la kwanza lililomtoka ni hili: "Ufunguo wa nyumba yangu umeupata wapi?"

"Kwa mumeo," mshonaji alisema huku akipiga magoti. "Utanigombeza ukipona. Usijisogeze."

Walipokuwa wanangoja gari la wagonjwa, alimfunika kwa shuka, akamwekea mto chini ya kichwa, akasema yale ambayo Mama alikataa kuyasikia siku ile.

"Mtaa ule sisi tunaoishi peke yetu si wachache. Tunachoogopa ni kimoja: uanguke ndani, mlango umefungwa, watu wapite tu wakidhani umo salama. Nani atayasema hayo hadharani? Ni aibu. Tulimwambia kaka, akachukua funguo zetu, akatuahidi hatamwambia mtu, hata wewe. Kila asubuhi alipita kuangalia mapazia. Nyuzi nilimpa mimi, asichanganye."

"Na huo mwekundu?"

"Alinipa alipoona haponi. Aliniambia, 'Dada, mke wangu atabaki peke yake, na huyu hatampa mtu ufunguo hata umpigie magoti. Wewe dirisha lako linaliona pazia lake.' Na komeo la mlango wenu, akasema atalishughulikia mwenyewe."

Mama hakuwa amekwisha.

"Miaka yote hiyo ulikuwa unanitazama."

"Wewe ndiye uliyekuwa unanitazama mimi! Kila nikiinua kichwa, macho hayo. Nikasema moyoni, mke wa kaka ana lake jambo."

Hapo Mama akaanza kulia, palepale chini. Wauguzi walipofika walidhani ni mguu, wakamwambia atapewa dawa ya maumivu. Akawaambia wamwache, analia msiba.

Mguu umeunga, Baba. Anatembelea fimbo, na mkebe wako anautembeza yeye. Kila asubuhi anazungukia mtaa wa nyuma, hata mvua inyeshe. Na tukuambie jambo ambalo labda hutalipenda: kazi hii anaiweza kuliko wewe. Wewe mtu akikujibu "mzima" ulimwamini, ukaenda zako. Mama haamini.

"Pazia lako leo limechelewa. Kulikoni?"

"Nilipitiwa na usingizi tu, mama."

"Usingizi gani huo wenye kikohozi? Fungua nikuone."

Wanalalamika kwamba anawapekua kama polisi. Lakini hakuna aliyedai ufunguo wake, na wengine wameleta wapya. Sasa kila mtu anajua funguo ziko wapi, maana Mama amekataa mambo ya siri. Anasema mtu anayeishi peke yake hana cha kuonea aibu, na kwamba siri yako ndiyo iliyotaka kuwatenganisha wewe na yeye. Jina lako liko salama. Mwizi wa redio naye alipitia dirishani. Mwenye redio alisahau kulifunga, akaona haya kusema.

Bado ana jambo na wewe. Kwa nini umwambie mshonaji na usimwambie yeye? Ahadi kwa watu ni sawa, anasema, lakini mke ni mke. Hilo hajakusamehe, na mtakapoonana ujiandae.

Sisi wanao tumejifunza kuchelewa kazini. Kila mmoja anapokaa, kabla hajafungua lake, anatazama la jirani. Simu ya Mama isipopokelewa, hatusemi tena amenuna.

Unakumbukwa na mkeo, sisi wanao, kaka mkubwa na dada zake, wakwe zako, wajukuu, ambao wamekatazwa kuchezea jiliwa na wanalichezea, na majirani wa mtaa wa nyuma. Tulipomsomea Mama orodha hii jana, alitikisa kichwa.

"Na yule mshonaji?"

"Si yumo kwenye majirani, Mama?"

Alitazama nje kwa dirisha la jikoni. Ng'ambo ya ua cherehani ilikuwa inalia, na mtu akainua kichwa. Mama akainua fimbo yake kumsalimu.

"Mtoeni huko kwa majirani," alisema. "Andikeni: na wifi yangu."

Basi unakumbukwa na dada yako pia. Hatutakusahau, Baba. Leo asubuhi mapazia yote yamefunguka.