Neno Ninalolijua Peke Yangu

Alhamisi, baada ya isha

Bado nina hasira na Bashir wa saiber, pale tunapolipia kutumia kompyuta. Nilienda kuangalia kama maombi yangu ya kazi ya kufua shuka hospitalini yamejibiwa, naye akafungua akaunti ya jirani yangu Halima kwa makosa. Kitambulisho chake, picha, barua ya kliniki, vyote kwenye skrini, na wanaume nyuma yangu wanangoja zamu.

"Paswadi yenu nyote ni moja, abaayo, dada yangu, neno la siri nililowawekea mimi," akacheka. "Nyinyi mnasahau, mimi nakumbuka."

Basi na akaunti yangu anaweza kuifungua hivyo hivyo. Ile fomu ya kazi iliyomo humo iliuliza kuhusu afya, na mimi niliandika ukweli, kwamba nina kifafa. Mama mkwe hajui. Akisikia atasema nisiachiwe mtoto, na mimi bila Sumaya wangu...

Nikamwambia, "Nionyeshe pahali pa kubadilisha."

"Utasahau, wallahi! Utarudi hapa unalia."

"Nikilia, nitalia na siri yangu. Wewe geuka uangalie ukuta."

Akageuka, huku akinung'unika. Nilimpakata Sumaya, nikaandika kwa kidole kimoja. Yeye anavuta mtandio, mimi natafuta herufi. Mashine ilikataa, nikarudia, ikakataa tena. Mwishowe ikakubali.

Kazi sijui kama nitapata, lakini Mungu ni mkubwa. Kesho asubuhi nampeleka Halima akabadilishe yake, hata Bashir akinuna.

Neno langu nimelirudia nikiosha vyombo, nimelirudia nikimlaza mtoto. Sijalisahau. Na hata humu daftarini siliandiki.